Akaunti yangu ya miaka sita imefungwa. Nianzie wapi?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mchoraji, umri wangu ni miaka 31, na naishi Umoja, Nairobi. Nachora kwa rangi ya mafuta juu ya vipande vya mabati yaliyochakaa ninavyonunua kwa mafundi wa Kariobangi. Wengi ninaowachora ni kina mama wa kazi: muuza sukuma, muuza mitumba, mama anayekaanga mandazi alfajiri karibu na steji. Huwa nakaa naye kwanza, tunapiga gumzo, namchora kwa penseli huku akihudumia wateja, halafu narudi nyumbani kupaka rangi.

Tangu 2019 nimekuwa nikiweka kazi zangu kwenye mtandao mmoja wa picha. Chini ya kila picha niliandika kisa chake: nilimkuta wapi huyo mama, alisema nini, bati lile lilitoka wapi. Visa vingine vilikuwa vifupi, vingine niliandika hadi nafasi ikaisha. Wafuasi walifika elfu kumi na nne, na karibu kazi zote nilizouza niliziuza kupitia huko.

Mwezi wa tatu mwaka huu niliweka picha ya mama akimnyonyesha mtoto ndani ya kibanda chake cha nyanya. Kesho yake nikaamka nikakuta akaunti imefungwa, eti nimekiuka kanuni. Nimekata rufaa mara tatu. Kila mara jibu linakuja baada ya dakika chache, maneno ni yale yale, na halina jina la mtu.

Mwalimu, nililia. Kuna mama niliyemchora soko la mitumba la Gikomba mwaka 2020. Alinieleza jinsi alivyoanza na robota moja la nguo za watoto alilochukua kwa deni, na jinsi alivyojua bei ya nguo kwa kuigusa tu, bila kuitazama. Amefariki tangu hapo. Picha yenyewe ilinunuliwa na mtu aliyehama nayo ng'ambo. Maneno yake nilikuwa nimeyaandika pale tu, sina mahali pengine.

Na hata kabla ya kufungiwa nilikuwa nimechoka. Picha tupu ilikuwa haionekani tena. Ilibidi nijirekodi nikipaka rangi mbio mbio, muziki juu, maandishi makubwa juu ya uso wangu. Kazi ya wiki tatu mtu anaitazama sekunde saba na kupita. Nilianza kuchagua cha kuchora kulingana na kitakachoonekana vizuri kwenye video.

Kaka yangu ni mtu wa kompyuta. Anasema nifungue akaunti nyingine leo leo, nisipoteze muda. Rafiki ninayetumia naye studio anasema nifungue blogu, yaani tovuti yangu mwenyewe ya kuandikia, yenye jina langu. Kaka anamcheka, anasema blogu zilikufa zamani. Mimi najiuliza: nani atakuja huko? Niandike kwa lugha gani? Picha si zitaibwa? Na pesa nitatoa wapi? Mwezi mwingine nauza kazi moja, mwezi mwingine siuzi kitu.

Mchoraji wa Mabati, Umoja

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama pale pale, kwa yule mama wa Gikomba. Wafuasi elfu kumi na nne ni watu wengi na najua wanauma. Lakini wafuasi hupatikana tena. Maneno ya marehemu hayapatikani tena. Kwa hiyo kabla hatujagusa habari ya blogu kuna kazi ya kufanya leo, kabla ya kulala.

Chukua daftari la jalada gumu, andika juu ya ukurasa jina la kila kazi unayoikumbuka, kisha andika alichokuambia yule uliyemchora. Usitafute lugha nzuri. Anza na mama wa Gikomba, maana kumbukumbu yake haina pa kutegemea ila kichwa chako. Habari ya kugusa nguo na kujua bei umeniandikia hapa, basi tayari umeokoa kipande kimoja. Ukimaliza, pekua simu yako: picha za zamani, na hasa mazungumzo ya WhatsApp na wateja. Mteja anapouliza bei, mara nyingi mchoraji humtumia picha pamoja na maelezo, na maelezo hayo bado yamo humo. Waandikie walionunua, waombe wakupigie picha kazi yako ikiwa ukutani kwao. Utashangaa jinsi watu wanavyofurahi kuombwa jambo hilo.

Halafu, kando na ile rufaa, andika ombi jingine kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inampa mtu haki ya kuomba kuonyeshwa taarifa zake binafsi zilizo mikononi mwa kampuni, na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hapa Nairobi hupokea malalamiko ya anayenyimwa. Rufaa inaomba wakufungulie mlango. Ombi hili linasema: kaeni na mlango wenu, nipeni vitu vyangu. Sikuahidi kwamba watajibu vizuri. Usikawie tu, kwa sababu taarifa za akaunti iliyofungwa hazikai milele.

Sasa tuje kwa kaka yako. Anasema blogu zilikufa. Acha tuhesabu pamoja waliokufa. Google+, mtandao wa kijamii wa kampuni ya Google, ilifungwa Aprili 2019 na vilivyokuwamo vikafutwa. Vine, iliyokuwa ya video fupi kabla ya hizi tunazozijua leo, ilizimwa Januari 2017. MySpace, ambako wanamuziki wa dunia nzima walikuwa wameweka nyimbo zao, ilikiri mwaka 2019 kwamba katika kuhamisha seva, zile kompyuta zinazohifadhi vitu vya mtandaoni, ilipoteza vitu vilivyopakiwa kabla ya 2016, mamilioni ya nyimbo, bila namna ya kuzirudisha. Aliyekuwa hana nakala nyingine, basi tena. Na jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, bila shaka unaikumbuka, Facebook, Instagram na WhatsApp zilitoweka kwa pamoja takriban saa sita. Mtu aliyekuwa na wateja wake wote humo alikaa kimya hadi usiku wa manane. Blogu za kawaida, zile za watu wadogo wadogo, usiku ule zilikuwa zinafunguka kama siku zote.

Na hii ya picha tupu kutoonekana haikukupata wewe peke yako, wala haina maana kwamba kazi yako imeshuka. Instagram ilipoanza mwaka 2010 ilionyesha picha kwa mpangilio wa muda: aliyeweka sasa hivi yuko juu. Mwaka 2016 ikatangaza kuacha mpangilio huo, na tangu hapo mashine ndiyo inayokadiria nani aone nini. Mitandao mingine nayo hupanga kwa namna yake. Mashine hiyo hupima muda ambao mtu amekaa na simu yake, haijui kama mkono wa yule mama umechorwa vizuri. Ndiyo maana ulijikuta unachagua cha kuchora kwa ajili ya video. Sentensi yako hiyo ndiyo iliyonitia hofu kuliko ile ya kufungiwa. Akaunti kufungwa ni hasara. Jicho lako kuanza kufanyia kazi mtu mwingine ni msiba.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Blogu mimi naiona hivyo, kama daftari la mali yako, ila daftari lililo wazi, mtu wa Umoja au wa Uholanzi anaweza kulifungua. Kaka yako anaipima kwa kipimo cha soko: wangapi wamepita, wangapi wamepiga makofi. Kwa kipimo hicho blogu yako itashindwa, hasa mwaka wa kwanza, na ni bora nikuambie sasa. Kuna wiki utasomwa na watu kumi na mmoja, watatu kati yao wakiwa ndugu zako. Lakini muulize kaka yako: mtu akitaka kuona kazi uliyoiweka mtandaoni 2021, angeitafuta vipi kwenye ile akaunti, hata kabla haijafungwa? Angeteremka kwa kidole mpaka achoke. Kwenye blogu anaandika jina la kazi, ukurasa unafunguka. Mwenye nyumba ya sanaa anayetaka kukualika, mwandishi wa gazeti, mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu wachoraji wa Eastlands, hao hawatafuti sekunde saba. Wanatafuta ukurasa.

Hapa nikuonyeshe ninachosema kwa mfano. Tuchukue yule mama wa mandazi. Nabuni, wewe unayo ya kweli:

«Mama Mandazi. Rangi ya mafuta juu ya bati, sentimita 60 kwa 45, 2022. Imeuzwa.

Bati hili lilikuwa mlango wa kibanda cha kinyozi. Matundu mawili ya kufuli yako juu upande wa kulia, sikuyaziba. Mama huanza kukanda saa tisa usiku. Nilimuuliza mbona asinunue mashine, akasema mkono hujua unga umetosheka maji, mashine haijui. Mafuta yanayochemka yalinishinda siku nne. Kila rangi niliyoweka ilikuwa kama chai. Siku ya tano nilikwangua yote nikaacha kutu ya bati ionekane, na kutu ndiyo ikawa mafuta.»

Basi, umemaliza. Jina, nyenzo, vipimo, mwaka, kama ipo au imeuzwa, halafu kisa. Mtu akisoma hayo anarudi juu kuitazama tena picha, anatafuta yale matundu mawili ya kufuli. Ukiwa na kurasa arobaini za namna hiyo, una kitu ambacho wachoraji wengi wakubwa kuliko wewe hawana. Kazi moja, ukurasa mmoja, na usiwahi kuufuta hata kazi ikiuzwa. Hasa ikiuzwa.

Na huu ni ushauri ninaoupenda kuliko yote: andika anwani ya ukurasa huo nyuma ya bati, kwa rangi isiyofutika, chini ya sahihi yako. Bati litahama nyumba, litauzwa tena, litarithiwa. Atakayeligeuza miaka ishirini ijayo atajua pa kuuliza. Lakini kwa hilo anwani lazima iwe yako wewe, na hapo ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo halina mchezo.

Jina la tovuti ndilo mali. Mengine yote yanabadilishwa: programu, mwonekano, kampuni inayokuhifadhia. Jina likiwa lako unahama na watu wanakufuata bila hata kujua umehama. Kwetu majina yanayoishia na .ke yako chini ya KeNIC, shirika linalosimamia majina hayo, nayo huuzwa kupitia mawakala wengi wa hapa Nairobi. Kuna .co.ke ya biashara, kuna .me.ke ya mtu binafsi, na tangu 2017 unaweza kupata .ke fupi. Hizo mbili za kwanza kwa kawaida hulipiwa kama elfu moja hivi kwa mwaka, wengine chini ya hapo, wengine juu kidogo, unalipa kwa M-Pesa. Ukiuza kazi, lipia miaka miwili mbele. Mwezi mkavu usije ukakunyang'anya jina.

Ninalisema kwa ukali kwa sababu lilinikuta. Nilipostaafu ualimu, kijana mmoja mzuri tu alinitengenezea tovuti ya michoro yangu. Alinunua jina kwa barua pepe yake na nambari yake ya simu, nami sikuuliza, niliona ni kumsumbua. Baada ya miaka mitatu alipata kazi nje ya nchi, akabadilisha nambari. Notisi ya kulipia ikaenda kwenye barua pepe ambayo hakuna anayeifungua. Siku moja mwanafunzi wangu wa zamani akanipigia: «Mwalimu, umeanza biashara ya kamari?» Nikafungua tovuti, nikakuta jina langu, lile nililopewa na baba yangu, limekuwa la watu wa kubashiri mechi. Kijana hakuwa na nia mbaya. Uzembe ulikuwa wangu. Jina lisajiliwe kwa jina lako, barua pepe yako, simu yako, na neno la siri uliandike kwenye lile daftari la jalada gumu.

Kuhusu mahali pa kuiweka blogu yenyewe, swali langu ni moja: siku nikitaka kuhama, naondoka na kila kitu? Mahali pakishindwa swali hilo, usiingie, hata pawe pazuri namna gani. Blogger, huduma ya kutengenezea blogu, ni ya bure, imekuwapo tangu 1999, na unaweza kuiunganisha na jina ulilonunua mwenyewe. Ila iko mikononi mwa Google tangu 2003, na Google ndiyo iliyozika Google+, kwa hiyo tumia huku umefungasha virago. WordPress ni programu huria ya blogu, yaani yeyote anaweza kuichukua na kuitumia bure, iliyotoka 2003. Ukilipia nafasi kwenye seva unaiweka humo na hakuna wa kukuuliza, na ukichoka na kampuni moja unabeba faili zako kwenda nyingine. Gharama yake ni kubwa kuliko Blogger, lakini wewe na rafiki yako wa studio mnaweza kushirikiana nafasi moja, kila mtu na jina lake. Kwa hali uliyonieleza, ya mwezi kuwa na kitu na mwezi kukosa, mimi ningeanza na Blogger na jina la .me.ke au .co.ke mwezi huu huu, nikahamia WordPress mwakani. Njia zote mbili zinakuruhusu kupakua maandishi yako yote.

Na kupakua huko mpe kaka yako. Nasema kweli. Usibishane naye tena kuhusu blogu. Mwambie: kila tarehe mosi ya mwezi unipakulie nakala, uiweke kwenye flashi, flashi ikae kwa mama, isikae kwangu. Mtu wa kompyuta akipewa kazi anayoijua huwa mlinzi mzuri. Sisi wa sanaa hapa Nairobi tunajua maana ya kuweka vitu vyote chini ya paa moja. Paa Ya Paa, nyumba ya sanaa iliyoanzishwa 1965, iliungua mwaka 1997, na kilichoteketea hakikuwa na nakala. Mzee Elimo Njau, mchoraji na mmoja wa walioianzisha, na mkewe Phillda waliendelea pale pale, na wengi wetu tulijifunza ukaidi kwao. Lakini kazi zilizoungua hazikurudi.

Umeniuliza kuhusu wizi wa picha. Ndiyo, zitaibwa nyingine, kama zilivyokuwa zikiibwa kwenye ule mtandao. Kisheria uko pazuri kuliko unavyodhani. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001 haki inaanza siku unapomaliza kuchora, na inakaa maisha yako yote na miaka 50 baada yako. Ukiuza bati hujauza hakimiliki, mpaka uwe umeitoa kwa maandishi. Kwa hiyo kazi zilizouzwa una haki ya kuziweka kwenye blogu. Angalia kitu kimoja tu: kazi uliyoagizwa na mtu, akakulipa ili umchoree, sheria yetu huihesabu hakimiliki yake kuwa ya aliyeagiza msipokubaliana vinginevyo. Ukipata kazi ya aina hiyo, andikianeni. Zile unazozithamini zaidi unaweza kuzisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, ili siku ya ubishi uwe na karatasi. Tena ukurasa wako wenye tarehe na kisa, nao ni ushahidi. Mwizi anaweza kunakili picha, lakini hawezi kueleza yale matundu mawili ni ya nini.

Upigaji picha wenyewe una mambo yake. Bati linang'aa, rangi ya mafuta inang'aa, ukipiga kwa mwanga wa taa unapata doa jeupe katikati ya uso wa mama wa watu. Toa bati hadi kwenye baraza kama saa nne asubuhi, kivulini, zima taa ya simu, simama sawa nalo. Piga na kipande cha karibu, kona yenye kutu, alama ya brashi. Kisha ipunguze kabla ya kuiweka: upana wa pikseli 1600 unatosha, uzito usizidi kilobaiti 300. Picha kumi zilizotoka moja kwa moja kwenye simu zinaweza kula megabaiti hamsini za bando la mtu, na wasomaji wako wengine ni kina mama hao hao wenye bando la shilingi ishirini.

Hilo linanikumbusha. Uliwaomba ruhusa ya kuandika majina yao na maneno yao? Kuchorwa na kuandikwa ni vitu viwili. Rudi kwao, wasomee ulichoandika, kwa sauti. Akikataa jina lake lisitajwe, andika «muuza nyanya» na uheshimu. Kwa mama wa Gikomba, tafuta watoto wake. Huenda wakakuambia mengine ambayo hukuyasikia.

Hivyo swali la lugha limekwisha jibika, naona. Andika kwa lugha unayoweza kumsomea yeye. Uliniandikia Kiswahili kinachosomeka vizuri, chenye pumzi. Mama akisema kitu kwa Sheng au kwa Kikuyu, kiache hivyo halafu ukieleze. Mistari miwili ya Kiingereza chini ya ukurasa, yenye vipimo na nyenzo, itamtosha mnunuzi wa mbali. Usiandike kisa kizima kwa Kiingereza kwa kumfikiria mtu ambaye hujamwona, ukamsahau aliyekaa mbele yako akikaanga mandazi.

Nani atakuja? Mwanzo, wale utakaowaita kwa jina. Weka daftari mezani kila unapoonyesha kazi, iwe kwa wasanii wa Kuona hapa Nairobi, iwe maonyesho ya Makumbusho ya Taifa, iwe sebuleni kwako. Anayetaka kupata habari zako aandike barua pepe yake mwenyewe kwa mkono wake. Usichukue anwani za watu kwenye vikundi na kuanza kuwatumia, sheria ile ile ya 2019 inataka mtu awe amekubali, na zaidi ya sheria ni adabu. Watumie barua moja kwa mwezi: nimemaliza hii, hii iko, kisa kiko hapa. Watu arobaini walioomba wenyewe wana thamani kuliko elfu kumi na nne ambao mashine huamua wakuone au wasikuone. Wale wasiofungua barua pepe, na hapa kwetu ni wengi, watumie kiungo kwa WhatsApp kupitia orodha ya matangazo (broadcast), ila ujue ujumbe wa namna hiyo humfikia tu aliyehifadhi nambari yako. Blogu pia huja na mlisho wa RSS, uliobuniwa 1999, ambao humwezesha msomaji kupokea kila ukurasa mpya kwa mpangilio wa muda, bila mtu wa kuchuja katikati. Podikasti unazosikiliza hukufikia kwa njia hiyo hiyo. Wachache wataitumia, lakini hao wachache hawakosi hata ukurasa mmoja.

Akaunti mpya fungua, sikukatazi, maana soko ni soko na wewe unalipa kodi ya nyumba. Hapo kaka yako yuko sahihi. Ila mpangilio ugeuke. Kisa kiandikwe kwanza kwako, kikamilike, kilale usiku mmoja. Kesho yake peleka picha moja na mistari miwili huko mtandaoni, na kiungo cha kwako. Wakikufungia tena utakuwa umepoteza mistari miwili. Na video usifanye hata moja ambayo hungeifanya kama hakuna anayetazama.

Usijaribu kurudisha miaka sita kwa wiki moja. Ukurasa mmoja kila Jumapili jioni, mmoja mpya na wa zamani ukibadilishana, utajikuta mwakani una zaidi ya hamsini. Ukisoma hizo hamsini kwa pamoja utaanza kuona mambo ambayo hukuwa unayaona kazi moja moja: kwamba mikono unaichora kubwa, labda, au kwamba uso unauacha mwisho. Mimi daftari langu lilinionyesha kwamba kwa miaka tisa sikuwahi kuchora mvua.

Jina ukishalinunua, niandikie tena unipe anwani. Mama wa Gikomba awe wa kwanza, na wa pili awe yule wa kibanda cha nyanya, akiwa ananyonyesha, picha nzima, haijakatwa popote. Nataka kuwasomesha wanafunzi wangu wa Jumamosi ukurasa huo.